Kubuni nakshi: kuanzia karatasi na mkasi hadi mkataba wa kwanza

Mdogo wangu unayetaka kuingia katika kazi hii, nakueleza kama nilivyotamani kuelezwa mimi nilipokuwa naanza. Mbunifu wa nakshi huchora kitu kitakachojirudia juu ya kitambaa, karatasi ya ukutani, karatasi ya kufungia zawadi, vigae, shuka au jalada la daftari. Wengi wanaokuja kwangu kuuliza wanajua kuchora tayari. Wamechora ua zuri, wakalinakili mara ishirini, kisha wanashangaa mbona kitambaa kinafanana na karatasi iliyogongwa mihuri. Mkono wanao. Hawajajifunza kiungo, yaani pale mchoro unapokutana na mwenzake wa pembeni, wa juu na wa chini. Kwangu mimi kiungo ndicho kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine.

Hatua ya 1: Jaza daftari kabla hujagusa kompyuta

Chagua jambo moja ulitazame kwa wiki mbili. Likiwa ni majani, basi ni majani tu. Lichore jani kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu, likiwa limekunjamana, likiwa limeliwa na mdudu. Chora makubwa na madogo. Chora pia vile vitu vya kujaza nafasi ambavyo anayeanza huvisahau: vikonyo, mbegu, matone, vijiti, nukta. Utavihitaji sana baadaye, na ukivichora kwa haraka siku ya mwisho vitaonekana vimechorwa na mtu mwingine.

William Morris, Mwingereza ambaye nakshi zake bado zinachapishwa hadi leo, aliwaona ndege wakiiba stroberi kwenye bustani ya nyumba yake ya Kelmscott Manor. Mwaka 1883 ndege hao wakawa kitambaa kilichomletea sifa kubwa. Ukikitazama kitambaa kile utawaona wamekaa wawili wawili, mmoja kama kivuli cha mwenzake kwenye kioo. Ndege mmoja aliyechunguzwa vizuri alitosha kulea nakshi nzima.

Hatua ya 2: Tengeneza rudio kwa mkono

Hata kama una tableti ya bei mbaya, fanya hili mara tano kwa karatasi. Kata karatasi nyeupe iwe mraba wa sentimita 20. Hakikisha pembe zake ni za mraba kweli, maana zikipinda hata milimita mbili, kila kitu kitapinda nazo. Chora katikati ya karatasi, na usiguse ukingo hata mmoja. Acha nafasi tupu kuzunguka mchoro, ya upana wa vidole viwili hivi.

Sasa kata karatasi katikati kutoka juu hadi chini, kwa rula na kisu. Ndiyo, unaukata mchoro wako. Kipande cha kulia kipeleke kushoto, na cha kushoto kipeleke kulia. Zile pembeni mbili zilizokuwa nje sasa zimekutana katikati. Zibananishe zisiache mwanya wala zisipandane, kisha gundisha kwa selotepu upande wa nyuma. Halafu kata tena katikati, safari hii kutoka kushoto hadi kulia, na ubadilishane kipande cha juu na cha chini vivyo hivyo. Gundisha.

Tazama ulichonacho. Mchoro wako wa kwanza umegawanyika na kukimbilia kwenye pembe nne, na katikati umebaki msalaba mweupe. Msalaba ule ndio ulikuwa ukingo. Sasa ujaze: pitisha kikonyo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, weka jani linalolala juu ya mstari wa selotepu kana kwamba mstari haupo. Sheria ni ile ile, usiguse kingo mpya za nje.

Ukimaliza, toa nakala tisa kwa mashine ya fotokopi na uzipange tatu kwa tatu. Kila jani lililokatwa ukingoni litakuta nusu yake kwenye karatasi jirani. Mara ya kwanza nilipoyaona majani yanaungana hivyo sakafuni nilikaa chini nikayatazama tu, na hadi leo sijachoka kuyatazama. Karatasi ile moja inayorudiwa tunaiita kigae.

Ukiwa na kigae, kuna namna mbalimbali za kukipanga. Ya moja kwa moja ni safu na mistari kama masanduku. Ya matofali husogeza kila mstari nusu ya upana, kama fundi anavyojenga ukuta. Ya kushuka nusu huteremsha kila safu nusu ya urefu wa kigae. Hii ya mwisho ndiyo ninayokushauri uizoee mapema, kwa sababu jicho hufuata mstari wa mshazari badala ya kuhesabu masanduku, na mtu hagundui haraka kwamba nakshi inajirudia. Lakini usichukue kigae cha mpangilio wa moja kwa moja na kukiteremsha tu. Vitu vinavyovuka ukingo wa kulia lazima uvichore vikijua kwamba jirani yao ameshuka, la sivyo majani yatakatwa vichwa.

Kuna pia kugeuza, kuzungusha na kuakisi. Mwaka 1891 mwanahisabati Mrusi, Yevgraf Fedorov, alithibitisha kwamba ukichanganya mbinu zote hizo juu ya uso bapa, makundi ya ulinganifu ni 17 tu, hakuna la 18. Huna haja ya kuyakariri. Mimi hunipa moyo kujua kwamba kila nakshi inayojirudia pande zote, ya zamani na ya kesho, imo ndani ya milango hiyo 17.

Hatua ya 3: Isogelee, kisha uikimbie

Bandika nakala zako tisa ukutani na urudi nyuma hatua sita. Finya macho. Kwa karibu unaona majani. Kwa mbali unaona mambo ambayo hukuyachora: vichochoro vyeupe vinavyopita katikati ya nakshi, au doa moja zito linalojitokeza kila baada ya kigae kama mtu anayepunga mkono kwenye umati. Vichochoro hutokea kwa sababu uliogopa kuukaribia ukingo ulipokuwa unajaza msalaba. Doa hutokea kwa sababu kitu kimoja ni cheusi au kikubwa kuliko ndugu zake wote.

Dawa ya kichochoro ni kupitisha kitu kukikatiza, na dawa ya doa ni kuliongezea mwenzake upande wa pili wa kigae, au kulipunguza makali. Kisha bandika tena, rudi nyuma tena. Kazi nzuri hupitia hapa mara nne, mara tano. Usione uvivu.

Papo hapo amua mwelekeo. Nakshi ambayo vitu vyake vyote vimesimama wima ina juu na chini, na mshonaji akiitumia hulazimika kukata vipande vyote vikielekea upande mmoja, hivyo kitambaa kingi hupotea. Nakshi ambayo vitu vyake vimetawanyika huku na huku inakatika upande wowote. Zote zina nafasi yake, ila nguo za watoto na vitambaa vya kushonea hupenda sana ile ya pili.

Hatua ya 4: Hamia kwenye kompyuta

Hapa sitakaa sana, maana programu hujifunzwa kwa kuzitumia. Krita na Inkscape ni za bure na zinatosha kuanzia. Krita ina hali ya kuchora ambayo ukibonyeza herufi W, kigae kinajirudia pande zote huku unachora, nayo ni karatasi na mkasi ule ule bila selotepu. Inkscape ni ya michoro ya vekta, inayokuzwa bila kuharibika. Kampuni nyingi hutumia Photoshop na Illustrator, kwa hiyo jifunze kuhifadhi faili kwa namna ambayo programu hizo zinaifungua.

Jambo moja la kiufundi, tafadhali lishike. Ukubwa wa kigae uwe pikseli kamili, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha kwenye kompyuta. Tuseme unataka kigae cha sentimita 25 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi. Piga hesabu utapata pikseli 2,952 na vipande kadhaa. Vile vipande ndivyo vinavyoleta ule mstari mwembamba mweupe unaoonekana kwenye kila kiungo baada ya kuchapishwa, mstari ambao kwenye kioo cha kompyuta hukuuona. Chagua pikseli 3,000 kwa 3,000. Kwa nukta 300 hiyo ni inchi 10 kamili, yaani sentimita 25.4, na hakuna kinachokatwa katikati ya pikseli.

Uliza pia kitachapishwa na mashine gani. Uchapaji wa kidijitali hukubali kigae cha karibu kila ukubwa. Ule wa skrini za duara hutumia silinda yenye matundu madogo yanayopitisha rangi kwenye kitambaa, na mzunguko uliozoeleka ni sentimita 64, hivyo urefu wa kigae lazima uingie humo bila kubaki: 64, 32 au 16. Karatasi ya ukutani ina kipimo chake tena. Roli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, na roli mbili zikibandikwa sambamba lazima majani yakutane pale kwenye mshono.

Hatua ya 5: Rangi chache, mseto zaidi ya mmoja

Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni gharama. Uchapaji wa kidijitali umeondoa kikwazo hicho, lakini wewe jifungie kwenye rangi tano au sita kwa mwaka wako wa kwanza. Rangi zikiwa chache unalazimika kufikiri ni ipi inabeba kazi na ipi inasindikiza. Kabla ya kuchagua rangi, igeuze nakshi iwe nyeusi na nyeupe na uone kama bado inasomeka. Ikiwa kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, tatizo ni mwanga na giza, na hakuna rangi itakayoliponya.

Kila nakshi ifanyie miseto mitatu ya rangi: mmoja wenye ardhi (rangi ya nyuma) nyeupe au hafifu, mmoja wenye ardhi ya giza, mmoja wa rangi ambazo wewe binafsi huzipendi. Huo wa tatu ni wa lazima. Mara nyingi mteja huchagua huo, na wewe unajifunza kwamba jicho lako si jicho la kila mtu.

Usiamini rangi za kioo. Kioo huwaka, kitambaa hakiwaki. Kijani kikali na zambarau inayong'aa hupungua makali zikifika kwenye wino. Chapa kipande kidogo cha majaribio, kitazame mchana karibu na dirisha, kitazame usiku chini ya taa, kifue mara moja. Ukianza kufanya kazi na viwanda utasikia wakitaja namba za Pantone, mfumo unaoipa kila rangi namba yake, na zile zinazoishia na TCX ni za rangi zilizotiwa kwenye pamba. Namba huondoa ubishi kuhusu bluu ya nani ndiyo bluu.

Hatua ya 6: Jenga familia

Mnunuzi hununua nakshi moja mara chache. Anatafuta zinazoweza kukaa pamoja kwenye kitanda kimoja, foronya hii, shuka ile. Anza na nakshi kuu, yenye hadithi na vitu vikubwa. Toa humo mbili au tatu za kusindikiza, kwa mfano mbegu za lile ua kuu zikiwa peke yake, au vikonyo vyake vikipangwa kama mistari. Malizia na moja au mbili za kujazia: nukta, mistari, miraba, zile ambazo mtu akiwa mbali huziona kama rangi tupu. Zote zishiriki rangi zile zile, ila zipishane ukubwa. Zikiwa na ukubwa sawa zitagombana.

Naomba usizidharau za kujazia. Ndizo zinazonyesha kama unajua kiungo, kwa sababu hazina ua zuri la kujifichia.

Wakati mwingine familia itakuomba kitu ambacho soko halijakiomba. Mwaka 1964 Maija Isola alichora maua makubwa ya mpopi, Unikko, wakati mwanzilishi wa Marimekko, Armi Ratia, alikuwa amesema kampuni haitachapa maua. Ratia aliyakubali, na yamekuwa alama ya kampuni hiyo ya Finland. Fanya ulichoagizwa kwa uaminifu, lakini kwenye jalada lako, yaani mkusanyo wa kazi unaowaonyesha wateja, daima acha nafasi ya nakshi moja ambayo hakuna aliyekuagiza.

Hatua ya 7: Panga jalada na uanze kubisha hodi

Nakshi 12 zilizokamilika zinashinda 60 za kubahatisha. Kila moja ionyeshe kigae chake, kisha kigae kikiwa kimerudiwa, kisha picha ya mfano ikiwa juu ya kitu: mto, gauni, ukuta. Kwenye picha ya mfano uwe mkweli kuhusu ukubwa. Ua la sentimita tatu lisigeuke kuwa kubwa kuliko mto kwa sababu linapendeza hivyo.

Unapoiandikia kampuni, soma kwanza wanauza nini. Barua iwe fupi, picha nne au tano za ubora mdogo, na sentensi moja inayosema kwa nini nakshi hizi zinawafaa wao. Faili kubwa usizitume kamwe kabla ya makubaliano. Kumbuka kalenda pia: kampuni nyingi hupanga bidhaa mwaka mzima mbele, na maonyesho makubwa kama Heimtextil ya Frankfurt hufanyika Januari. Ukichora ya sikukuu mwezi wa sikukuu, umechelewa.

Njia nyingine ni tovuti za kuchapa kwa oda, kama Spoonflower iliyoanza mwaka 2008. Unapakia nakshi, mteja anaagiza mita anazotaka, wewe unapata sehemu ndogo. Usitegemee kuishi kwa pesa hiyo mapema. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba unaweza kujiagizia kazi yako mwenyewe na kuishika mkononi.

Hatua ya 8: Haki yako na mkataba

Tangu Mkataba wa Berne wa 1886, nchi wanachama zimekuwa zikijenga msingi kwamba kazi ya sanaa inalindwa. Leo ulinzi huo huja wenyewe unapoichora, hauhitaji kuisajili kwanza, na kwa kawaida hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Hata hivyo, tunza daftari zako zikiwa na tarehe, pamoja na faili zako zenye tabaka zote. Siku ya ugomvi ndizo zitakazokusemea.

Upande wa pili wa haki hiyo ni kwamba na wewe usichukue cha mtu. Kugeuza rangi za nakshi ya mwenzako hakuifanyi kuwa yako. Na alama ambazo ni za ibada au za ukoo wa watu fulani ziache kwa wenyewe, au nenda ukawaulize.

Mteja akikubali, kuna njia mbili kuu. Kuuza moja kwa moja: unalipwa mara moja na nakshi si yako tena. Leseni: nakshi inabaki yako, yeye anaruhusiwa kuitumia, na wewe unapata asilimia ya mauzo. Mkataba wa leseni ujibu maswali manne kwa maandishi: itatumika kwenye bidhaa zipi, katika nchi zipi, kwa muda gani, na je, ni yeye peke yake au unaweza kuwapa wengine? Mkataba unaosema "matumizi yote, mahali popote, milele" ni mauzo yaliyovalishwa jina la leseni, basi bei yake iwe ya mauzo.

Kuhusu bei, usikubali kwamba kazi ya ajabu ajabu lazima iwe rahisi. Mbunifu Mwingereza Lucienne Day alipochora nakshi ya kitambaa iitwayo Calyx kwa ajili ya maonyesho ya Festival of Britain mwaka 1951, kampuni ya Heal's ilimlipa nusu ya malipo kwa sababu mkurugenzi aliyesimamia hakuamini kitambaa kile kingeuzika. Kiliuzika kwa miaka mingi, kikashinda medali ya dhahabu Milan mwaka huo huo, na nusu iliyobaki akalipwa baadaye. Wewe iandike hiyo nusu ya pili kwenye mkataba tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Kukabidhi faili

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ndege waliokaa kwenye matawi, kwa ajili ya mito ya kukalia. Nilituma kigae kikiwa safi, rangi sahihi, pikseli kamili. Sikuambatanisha maelezo yoyote, nikidhani ndege ana kichwa na miguu na kila mtu anaona. Kiwandani wakakigeuza ili kiendane na upana wa kitambaa, na mito ikarudi na ndege wamelala ubavu, yote. Kampuni ile haikuniita tena, na iliniuma kwa muda mrefu, kwa kuwa kosa lilikuwa la dakika tano.

Tangu siku hiyo kila faili yangu huondoka na ukurasa mmoja wa maelezo. Juu naandika jina la nakshi na la mseto wa rangi. Chini yake ukubwa wa kigae kwa sentimita na kwa pikseli, ubora wa nukta kwa inchi, aina ya mpangilio (moja kwa moja, matofali au kushuka nusu), na namba ya kila rangi pamoja na mraba mdogo wa rangi yenyewe. Pembeni naweka picha ya vigae tisa vikiwa vimepangwa tayari, ili fundi wa mashine alinganishe na kile anachokiona kwenye kioo chake. Na juu ya picha hiyo nachora mshale mmoja mnene unaoelekea juu.